Mpaka Uliofungwa na Mdudu Aliyepita

Barabara itokayo Moshi kuelekea mashariki hupita Himo, huteremka katika nyanda kavu zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro, na kufika Holili, mahali ambapo Tanzania hupakana na Kenya. Ng'ambo ya pili ni Taveta. Hapo malori husimama, hati za mizigo husomwa, na maofisa wa forodha huamua shehena ipi ipite na ipi izuiwe. Watu wengi hudhani kuwa kazi hiyo ni ya kukusanya ushuru tu. Kwa kweli ushuru ni sehemu yake moja. Sheria za kuingiza bidhaa nchini hulinda pia vitu ambavyo thamani yake haihesabiki kwa shilingi peke yake, navyo ni afya ya watu, mifugo, mimea, na chakula kilichokwisha kuvunwa na kuwekwa ghalani.

Historia ya mpaka huo ina fundisho lifaalo kukumbukwa na kila mwananchi. Tangu Februari 1977 hadi Novemba 1983 mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa. Katika kipindi hichohicho mdudu mmoja mgeni, ambaye urefu wake haufiki nusu sentimita, alienea kutoka magharibi ya Tanzania, na mwaka 1983 akaonekana Taveta. Magari yalizuiwa, mdudu akapita. Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyowezekana, hapana budi kwanza kumfahamu mdudu mwenyewe, kisha kuifahamu kazi ya forodha.

Mgeni wa ghalani

Mdudu huyo huitwa dumuzi, na jina lake la kisayansi ni Prostephanus truncatus. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa kwanza katika mkoa wa Tabora, na habari zake zilichapishwa mwaka 1981. Wataalamu huamini kuwa aliingia katika miaka ya 1970 pamoja na mahindi yaliyotoka ng'ambo. Wakulima walimpa jina la Scania, jina la malori makubwa yaliyokuwa yakipita barabarani.

Fukusi wa kawaida alijulikana kwa wakulima tangu zamani, na hasara yake ilizoeleka. Dumuzi ni adui wa namna nyingine. Yeye ni wa jamii ya wadudu watoboao miti. Mwili wake ni mfano wa pipa dogo lenye rangi ya kahawia iliyokoza, na kichwa chake kimeinama chini ya kifua hata hakionekani mdudu atazamwapo kutoka juu. Hupenya maganda ya hindi, hutoboa punje zikiwa bado katika gunzi, na kuacha nyuma yake unga mwingi usiofaa kitu. Jike hutaga mayai ndani ya matundu ayatobayo. Penye joto na unyevu wa kumfaa, yai huwa mdudu kamili kwa muda usiofika mwezi mmoja. Hivyo wadudu wachache walioingia ghalani wakati wa mavuno huweza kuwa maelfu kabla ya msimu mwingine wa kupanda.

Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kuwa mahindi ya magunzi, yakihifadhiwa kwa miezi 3 hadi 6, yaliweza kupoteza theluthi moja ya uzito wake. Mihogo mikavu ilipata hasara kubwa zaidi. Kwa kaya yenye magunia 9, theluthi moja ni magunia 3, yaani chakula cha miezi mingi kilichogeuka vumbi.

Katika mkoa wa Kilimanjaro hasara ya namna hiyo hugusa utaratibu mzima wa maisha. Wakazi wa miteremko ya mlima hupanda migomba na kahawa katika vihamba vyao vya juu, na wengi wao huteremka tambarare kulima mahindi. Mavuno hupandishwa nyumbani na kuwekwa vihengeni, au darini juu ya meko, ambako moshi na joto hukausha punje na kuwafukuza wadudu. Hifadhi hiyo ya jadi ilisaidia dhidi ya fukusi. Lakini kwa mdudu atoboaye miti, boriti za dari na fito za kihenge ni makazi ya kujifichia, na ghala lililofagiliwa likaonekana safi huweza kuwa bado limemhifadhi.

Forodha hufanyaje kazi

Hadi mwaka 1977 Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na idara moja ya forodha chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilibaki na forodha yake. Nchini Tanzania kazi hiyo imo mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi Julai 1996. Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ulianza Januari 2005, ukiongozwa na sheria ya pamoja ya usimamizi wa forodha ya mwaka 2004.

Sheria hiyo huzigawa bidhaa zenye vikwazo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la bidhaa zilizokatazwa kabisa. La pili ni la bidhaa ziwezazo kuingia kwa kibali na kwa masharti maalumu. Orodha ya makatazo, ikisomwa haraka, huonekana kama mkusanyo wa mambo yasiyohusiana. Ikichunguzwa, makatazo mengi yana sababu ya kisayansi. Viberiti vya fosforasi nyeupe vimekatazwa kwa sababu mvuke wa madini hayo uliwaozesha mataya wafanyakazi wa viwanda vya viberiti huko Ulaya. Sabuni na vipodozi vyenye zebaki vimekatazwa kwa sababu zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Mimea, mbegu na wanyama hai huhitaji vibali kwa sababu vyaweza kubeba maradhi na wadudu ambao nchi haijawahi kuwa nao.

Bidhaa ifikapo mpakani, hatua ya kwanza ni tamko. Mwenye mali, au wakala wake, hueleza kwa maandishi ni kitu gani, kiasi gani, kimetoka wapi na kina thamani gani. Kila bidhaa hupewa namba kutokana na mfumo wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 1988. Tarakimu 6 za mwanzo huwa na maana moja katika nchi zote zinazotumia mfumo huo, hata ofisa wa Holili na mwenzake wa Mombasa wasiweze kutofautiana juu ya neno.

Hatua ya pili ni uchambuzi wa hatari. Hakuna kituo kiwezacho kufungua kila gunia la kila lori. Kwa hiyo mizigo hugawanywa. Ile isiyotiliwa shaka huruhusiwa kupita, mingine hukaguliwa hati, na mingine hufunguliwa na kutazamwa yenyewe. Hatua ya tatu ni ya wataalamu. Ofisa wa forodha si mganga wa mifugo wala mtaalamu wa mimea. Yeye huushikilia mzigo mpaka mkaguzi ahusikaye aseme neno lake. Kwa upande wa mimea, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwapo Arusha.

Wasafiri wengi hulaumu kucheleweshwa huko, lakini muda unaopotea mpakani ndio muda pekee ambao mdudu aliyejificha ndani ya punje anaweza kugunduliwa akiwa bado mahali pamoja. Akisha kushushwa katika maghala kumi ya vijiji kumi, hakuna sheria iwezayo kumkusanya.

Mwaka 1983

Yaliyotokea katika miaka ya kufungwa kwa mpaka yanaonyesha udhaifu wa ukaguzi unaotegemea barabara kuu peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na upungufu mkubwa wa bidhaa za lazima, kama vile sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo. Kahawa ya Kilimanjaro, ambayo bei yake duniani ilikuwa imepanda baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, ilikuwa imekwisha kuzoea kuvuka kwa magendo. Mpaka wenyewe, uliochorwa kutokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, huuzunguka mlima na kupita katikati ya watu waliokuwa wakiuziana mazao tangu kabla yake. Kutoka Rombo hadi nyanda za chini, njia za panya ni nyingi.

Machi 1983 Serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sheria maalumu ilitungwa mwaka huohuo. Magazeti na Redio Tanzania vilitangaza mali zilizokamatwa. Baadhi ya watu walizitupa bidhaa zao wenyewe kwa hofu ya kukutwa nazo. Hakuna mwananchi wa wakati huo ambaye hakujua kuwa magendo ni kosa.

Ni katika mwaka huo wa 1983 kwamba dumuzi alitambuliwa Taveta. Mwishoni mwa mwaka, mwezi Novemba, mpaka ulifunguliwa. Yeye alikuwa amekwisha kuvuka.

Mambo haya matatu ya mwaka mmoja yanastahili kufikiriwa pamoja. Dumuzi huruka, naye huweza kuishi katika miti mikavu ya porini, kwa hiyo hawezi kuzuiwa kwa ukaguzi peke yake. Lakini safari zake ndefu hutegemea mizigo ya binadamu. Gunia lipitalo usiku katika njia ya panya halina hati, halina cheti, na halionwi na mkaguzi yeyote. Kuufunga mpaka kulipunguza magari ya barabarani, lakini kuliyahamishia mahindi mahali ambapo sayansi haikuwa na jicho. Matangazo nayo yaliwafundisha watu jambo moja, kwamba kuvusha gunia ni hatari kwa mvushaji. Hofu humfundisha mtu kujificha. Haimfundishi kulitazama gunia.

Namna tatu za kutangaza makosa

Kutangaza ni sehemu ya utekelezaji wa sheria, wala si nyongeza yake. Sheria ya forodha yenyewe huamuru hivyo. Mali ikikamatwa bila mwenyewe kuwapo, ofisa hutakiwa kumpelekea taarifa ya maandishi, pamoja na sababu, katika muda wa mwezi mmoja, naye mwenye mali hupewa nafasi ya kudai haki yake. Mali iliyotelekezwa katika ghala la forodha haiuzwi mnadani kabla ya tangazo kutolewa. Kusudi la matangazo hayo ni haki, ili pasiwe na mtu anayenyang'anywa mali gizani.

Namna ya pili ni tangazo la kutia hofu. Oktoba 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 walioingia kutoka Kenya kutafuta malisho walikamatwa wilayani Mwanga, mkoani Kilimanjaro, wakapigwa mnada. Mwishoni mwa mwezi huo vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilikamatwa Namanga, upande wa magharibi wa mlima, vikachomwa moto. Sababu iliyotolewa ilikuwa na msingi: Januari ya mwaka huo homa ya mafua ya ndege ilikuwa imethibitishwa nchini Uganda, na kifaranga mwenye virusi huweza kuonekana mzima. Lakini picha za moto zilipoenea, mazungumzo katika nchi zote mbili yalikuwa juu ya ukatili na ujirani mwema. Habari za virusi, jinsi vinavyosafiri katika kinyesi, matenga na viatu, hazikupata nafasi. Kanuni za kimataifa za afya ya wanyama huruhusu kuwaua wanyama ili kuzuia maradhi, kwa sharti kwamba njia itumikayo isiwatese. Sharti hilo si la huruma tu. Mfugaji anayeogopa moto huwaficha kuku wake wanapougua, na ugonjwa unaofichwa ndio uenezao.

Namna ya tatu ni tangazo litanguliao kosa. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019, wasafiri waliarifiwa mapema kuwa wasiibebe mifuko hiyo katika mizigo yao, na kwamba viwanjani pangekuwa na meza ya kuisalimisha. Aliyeshuka katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro akiwa na mfuko aliukabidhi na kwenda zake. Wengi hawakuja nao kabisa. Katika kazi ya forodha, kosa ambalo halikutendeka ni ushindi mkubwa kuliko kosa lililokamatwa.

Sumu isiyoonekana

Tofauti ya matangazo hayo ilionekana tena mwaka 2021, safari hii wafanyabiashara wa Tanzania wakiwa upande wa pili. Machi 5 mwaka huo mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilitangaza kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, likafuatwa na masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kionyeshacho asili yake, na kingine kuthibitisha kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja.

Kipimo hicho ni kidogo mno. Katika gunia la kilo 100, sehemu 10 kwa bilioni ni miligramu 1 tu. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu uitwao Aspergillus, ambao hustawi katika nafaka iliyohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi yote. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tena haikai sawasawa katika shehena, kwani punje chache zaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote. Kwa sababu hiyo mkaguzi hachoti konzi moja juu ya gunia. Huchoma magunia mengi kwa mrija wa chuma, juu, kati na chini, huchanganya, husaga, ndipo hupima.

Mfanyabiashara aliyesikia tu kwamba mahindi yake yamezuiwa aliona uadui wa jirani. Aliyeelezwa habari za unyevu na ukungu aliweza kurudi kwa mkulima na kumwambia aanike mahindi juu ya turubai, asiyaanike juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kiwango kilichowekwa na Jumuiya. Dumuzi naye huingia katika hesabu hii, maana punje iliyotobolewa hufungua mlango wa ukungu.

Elimu iliyomshinda dumuzi

Baada ya dumuzi kuenea, Tanzania haikumtegemea tena ofisa wa mpakani peke yake. Utafiti ulionyesha kuwa dawa zilizomwua fukusi hazikumtosha dumuzi, na ile iliyomweza dumuzi, yaani permethrini, haikumtosha fukusi. Wataalamu wakazichanganya katika dawa moja ya unga. Lakini dawa hiyo hufanya kazi vizuri katika punje zilizopukuchuliwa, kwa kuwa ndani ya gunzi mdudu hujificha asifikiwe. Ilibidi mkulima aliyezoea kuhifadhi magunzi abadili desturi: apukuchue mapema, apepete, achanganye dawa, ndipo afunge gunia. Mabwana shamba walieneza maelezo hayo vijijini, na ghala nyingi zikawa chini ya ulinzi wa wenyewe.

Wataalamu waligundua pia kwamba dume wa dumuzi hutoa harufu iwaitayo dume na jike wengine. Harufu hiyo ilitengenezwa kiwandani na kuwekwa katika mitego. Mtego mmoja uliotundikwa karibu na ghala huweza kutoa habari za kuwapo kwa mdudu kabla mtu hajaona unga.

Tena adui wa dumuzi alitafutwa katika nchi ya asili yake. Ni mdudu mwingine, Teretrius nigrescens, alaye mayai na mabuu ya dumuzi. Aliachiliwa nchini Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, baada ya kuchunguzwa katika karantini ili kuhakikisha kuwa hatakuwa msiba mwingine. Dumuzi aliingia Afrika bila hati, na hasara yake haijaisha. Adui yake aliingia kwa kibali, akiwa amechunguzwa na kuandikwa. Viumbe wote wawili ni wageni kutoka bara moja, na sheria ya kuingiza bidhaa ndiyo iliyowatofautisha.

Wajibu wa pande zote

Tangu mwaka 2016 Holili na Taveta zina kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja na msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili. Njia halali ikiwa fupi, njia ya panya hupoteza faida yake, na magunia mengi zaidi hupita mbele ya macho ya mkaguzi.

Hata hivyo kituo hakitoshi bila maelezo. Kila tangazo la kukamatwa kwa mali lingepasa kujibu maswali manne kwa Kiswahili chepesi: ni kitu gani kilichokamatwa, kina madhara gani, hutambuliwaje, na ni njia ipi halali ya kukiingiza. Tangazo la namna hiyo, likibandikwa katika masoko ya Himo na Tarakea na kusomwa redioni, lingemfikia mama anunuaye mbegu, kijana abebaye matenga ya vifaranga, na dereva ambaye hajui kilichomo ndani ya magunia yake.

Mwananchi naye ana wajibu wake. Asinunue mbegu wala miche isiyo na cheti, hata ikiwa imetolewa na ndugu wa ng'ambo ya mpaka. Akiona katika mahindi yake mdudu asiyemfahamu, au unga mwingi kuliko kawaida, ampelekee bwana shamba punje chache ndani ya chupa iliyofungwa, wala asiliuze gunia hilo upesi ili kuepuka hasara. Gunia hilo likiuzwa, hasara huhama pamoja nalo, na ghala litakalolipokea laweza kuwa la jirani.